Sanamu ina kurasa ngapi? Uchambuzi wa kisa cha kuorodhesha kazi za chuo kikuu kimoja

Majina, mji, miaka na kila kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa, na idara mbili zimeunganishwa kuwa moja ili zisijulikane. Hatua, vipimo na makosa vimeachwa kama vilivyokuwa.

## Muktadha

Chuo ni cha umma, kiko Tanzania, na ndaki zake (vitengo vikubwa vyenye idara ndani yake) zinafanya kazi zisizofanana hata kidogo: kilimo, uhandisi, sayansi za tiba, sayansi ya jamii, lugha, sanaa za ufundi na sanaa za maonyesho. Seneti iliagiza itengenezwe orodha moja ya kazi zote za kisayansi na za kibunifu zilizotolewa na wanataaluma katika miaka 5. Orodha ilikuwa na matumizi mawili: kuingia kwenye ripoti ya tathmini ya nje, na kujaza hazina ya kidijitali ya maktaba. Muda uliotolewa ulikuwa wiki 10. Waliopewa kazi ni watu watano: mkutubi anayesimamia hazina, ofisa wa kurugenzi ya utafiti, fundi wa TEHAMA na wasaidizi wawili.

Hazina yenyewe iliendeshwa kwa DSpace, programu huria iliyoundwa na MIT pamoja na Hewlett-Packard na kutolewa 2002. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinaitumia. Imepangwa kama kabati la droo: jumuiya, ndani yake mikusanyiko, ndani ya mkusanyiko vipengee, na ndani ya kipengee faili. Maelezo ya kila kipengee yanafuata Dublin Core, mfumo wenye vipengele 15 vya msingi. Mfumo huo hauna ubaya wowote, ila fomu ya kuingizia kazi inayokuja na programu imemfikiria mtu mwenye waraka mkononi. Inauliza mwandishi, kichwa, tarehe ya kutolewa, mchapishaji, mfululizo. Hata orodha yake ya lugha haikuwa na Kiswahili, kwa hiyo kila tasnifu ya Kiswahili iliyoingizwa miaka iliyopita ilikuwa imewekwa kwenye "nyingine". Chuo cha Kitanzania, na lugha ya taifa iko kwenye "nyingine"! Jambo hilo lilikuwa limekaa muda mrefu bila mtu kuligusa, na ndilo lililokuwa dalili ya kwanza ya yaliyofuata.

## Kilichotokea

### Wiki 1 hadi 3: fomu ya barua pepe

Kikosi kilitengeneza jedwali la Excel lenye safuwima 12: mwandishi, kichwa cha makala, jarida, juzuu, toleo, kurasa, mwaka, DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni), ISSN (namba ya jarida), ISBN (namba ya kitabu), mchapishaji na kiungo. Safuwima za jarida na kurasa zilikuwa za lazima. Ukiziacha wazi, safu nzima inageuka nyekundu na haiingii kwenye jumla. Jedwali likatumwa kwa wakuu wa idara zote.

Uamuzi huo haukuwa wa kizembe. Makala za majarida ndizo nyingi kuliko kazi nyingine zote, ndizo zenye vitambulisho vinavyohakikika, na kanuni za chuo za kupanda cheo zilikuwa zimeandikwa kwa lugha ya makala. Kwa wiki 10, kuanza na kilicho kingi na rahisi kulionekana ni busara.

Majibu yalirudi hivi. Idara za kemia na fizikia zilijaza vizuri. Idara moja ya kilimo ilikuwa na aina mpya ya maharage iliyokwisha kuidhinishwa kutumiwa na wakulima. Kazi hiyo ilichukua misimu mingi ya kuchavusha na kuchagua, ikapita kwenye majaribio ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, yanayopima kama mmea unatofautiana na aina zilizopo, unafanana shambani kote, na unabaki vilevile kizazi hadi kizazi. Kwenye fomu, maharage hayo yakawa "makala", TOSCI ikawa "jarida", na kwenye kurasa pakaandikwa sifuri. Uhandisi walikuwa na mashine ya kukamua mafuta ya alizeti. Wakaweka namba ya mchoro mahali pa kurasa ili safu isigeuke nyekundu.

Sanaa za maonyesho walirudisha jedwali likiwa na makala moja tu. Idara hii ilipandisha tamthilia jukwaani kila mwaka, lakini kwa jedwali lile ungeapa wamelala usingizi.

Msaidizi alipompigia simu mwalimu wa uchongaji kuulizia fomu yake, mwalimu alimjibu: "Kijana wangu, sanamu ina kurasa ngapi?" Msaidizi aliyekuwa na idara nyingine tisa za kupigia akaandika 1, na ile 1 ikaingia kwenye rasimu ya kwanza ya ripoti.

### Wiki ya 4: kusafisha data

Hapa muda mwingi ulipotea, na karibu makosa yote yangezuilika.

Namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti mmoja mmoja, ina tarakimu 16 katika mafungu manne, na alama ya mwisho huweza kuwa X. Walioiandika bila vistari walipoteza sifuri za mwanzo, kwa sababu Excel huichukulia kama namba ya kawaida na kufuta sifuri za mbele. Zilirudishwa kwa kujaza sifuri mbele hadi zitimie tarakimu 16. ISBN nazo, ambazo nyingi za Tanzania huanza 978-9976 au 978-9987, zilijitokeza kama 9.79E+12. Hizo pia zilirudishwa, maana tarakimu 13 zinatoshea. Dawa ni kuzipa safuwima hizi muundo wa maandishi kabla ya kutuma fomu. Baada ya data kuingia, ni kazi ya kurudia.

Makala ileile ililetwa na idara tatu, kila moja ikiwa na mwandishi mmoja kati ya watatu. DOI ilisaidia kuziunganisha, lakini baada ya kuondoa "https://doi.org/" mbele yake na kugeuza herufi zote kuwa ndogo, maana DOI haijali herufi kubwa na ndogo ilhali baadhi ya programu huzitofautisha. Kazi zisizo na DOI zililinganishwa kwa kichwa, na hapo tukakutana na ng'. Kichwa chenye "ng'ombe" kilichoandikwa kwa alama iliyonyooka hakikuoana na kilekile chenye alama iliyopinda, na faili lililofunguliwa bila UTF-8 (mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi) lilitoa vichekesho vya herufi mahali pa alama hiyo. Kwa Kiswahili hili si jambo dogo. Ng' iko kila mahali. Kikosi kiliamua alama iliyonyooka ndiyo pekee, na mabadiliko yakafanywa kwa amri moja kwenye faili zima.

Majina ya watu yalikuwa fumbo la peke yake. Mtu mmoja aliandikwa kwa jina lake na la baba kwenye makala, kwa jina lake na la ukoo kwenye kitabu, na kwa herufi za mwanzo kwenye kongamano. Kompyuta iliona watu watatu.

### Wiki ya 5: tamthilia iliyokatika

Rasi, yaani mkuu, wa ndaki yenye idara ya maonyesho aliiona rasimu na kuikataa kwa maandishi. Idara ya maonyesho ilikuwa na tamthilia jukwaani wiki hiyohiyo, hivyo kikosi kikampeleka msaidizi kurekodi usiku wa mwisho, ili ushahidi uwepo.

Alikwenda na kamera nzuri ya picha mnato, akaiweka kwenye stendi nyuma ya ukumbi, akabonyeza na kukaa kutazama. Kamera nyingi za zamani za aina hiyo huacha kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59 za video. Hakuna aliyejua. Tamthilia ilikuwa ya saa moja na nusu. Kilichopatikana ni sehemu ya kwanza, sauti ikiwa ya feni na kikohozi cha mtu wa safu ya nyuma, na nyuso za waigizaji zikiwa nyeupe kama karatasi kwa sababu kamera iliachwa ijipangie mwanga huku taa za jukwaa zikibadilika. Kesho yake mandhari ilikuwa imebomolewa na mavazi yamerudishwa kwa wenyewe.

### Wiki ya 6: boksi la kanda

Kwenye kikao na idara ya lugha lilitolewa boksi la kaseti za masimulizi na nyimbo zilizokusanywa vijijini miaka mingi iliyopita. Lebo zilikuwa na lugha na kijiji, baadhi zikiwa na jina la msimulizi. Hazikuwa za miaka 5 iliyoulizwa, ila kamusi na makala mbili za miaka hiyo zilizitegemea. Msaidizi mwenye hamu alizicheza mbili kwa redio ya kawaida, akazirekodi kwenye MP3 ya kbps 128, yaani faili lililobanwa na kupunguzwa sauti, na kuzisafisha kelele kwa programu. Zikasikika safi, na konsonanti nyingi zikawa zimefutwa pamoja na kelele. Mwanaisimu aliyezisikiliza alisema hawezi tena kutofautisha sauti alizokuwa anazichunguza. Bahati ni kwamba kaseti zenyewe zilikuwa bado zipo.

## Maamuzi na sababu zake

Fomu iliwekwa kando, watu wakaenda idarani. Kila idara ilipewa dakika 40. Neno "machapisho" lilipigwa marufuku kwenye mazungumzo, na swali likawa: katika miaka hii mlifanya nini ambacho watu wa nje ya chuo walikisoma, walikiona, walikisikia, walikitumia au walikila? Neno la mwisho liliwekwa kwa ajili ya kilimo na sayansi ya chakula, nao walicheka kisha wakaanza kutaja. Fomu ilijazwa na msaidizi, mwalimu hakuigusa. Muda uliotumika ulikuwa mwingi kuliko wa barua pepe, lakini marudio ya kusafisha yalipungua sana.

Kazi, tukio na ushahidi vilitenganishwa. Huu ndio uamuzi uliobeba mengine yote. Kazi ni kile kilichobuniwa au kugunduliwa. Tukio ni pale kilipokutana na watu. Ushahidi ni faili au kitu kinachoonyesha kwamba vyote viwili vilikuwepo. Tamthilia iliyopandishwa usiku 3 ni kazi 1 yenye matukio 3. Ushahidi wake ni andiko lenye maelekezo ya mwongozaji, michoro ya jukwaa na mavazi, programu ya onyesho, bango, picha na rekodi. Sanamu ni kazi 1, maonyesho mawili ni matukio 2, na picha sita ni ushahidi. Maharage yale ni kazi 1, na waraka wa kuidhinishwa ni ushahidi wake.

Kanuni hiyohiyo ilirudi kuwauma wanasayansi. Utafiti uliosomwa kongamanoni, ukachapishwa kwenye kumbukumbu za kongamano, kisha ukatoka jaridani bila jipya lolote, ulikuwa ukihesabiwa mara tatu. Sasa ukawa kazi 1 yenye matukio 3. Idara zilizokuwa na jumla kubwa zilishuka, na manung'uniko yalifika hadi kwenye Seneti. Kikosi hakikulegeza, na kilifanya sawa. Ukimhesabia mwanakemia mara tatu, huna uso wa kumnyima mwongozaji usiku wake watatu.

Mipaka mingine ilihitaji maamuzi ya papo kwa papo. Diwani ni kazi 1 hata ikiwa na mashairi themanini, lakini hadithi fupi ndani ya mkusanyiko wa waandishi wengi ni kazi 1 ya mwandishi wake. Mashairi yaliyotoka magazetini kwa mwaka mmoja yaliwekwa pamoja kama kipengee kimoja chenye orodha ya tarehe. Kamusi ni kazi 1, wakusanyaji wote wakitajwa, si mhariri mkuu peke yake. Programu ya kompyuta ilihesabiwa kwa toleo lenye namba na leseni, pamoja na nakala ya msimbo ya siku ile. Kiungo peke yake kilikataliwa kwa sababu viungo hufa.

Aina zilipunguzwa. Rasimu ya kwanza ilikuwa na aina 31, na watu wawili wakipewa kazi ileile walichagua aina tofauti. Zikabaki 9: maandishi ya kitaaluma, maandishi ya kubuni, onyesho la jukwaani, sanaa ya kuonwa, muziki na sauti, filamu, data na programu, kifaa au mchakato, na kiumbe au aina ya mbegu. Maelezo mengine yote yaliingia kwenye maneno ya utafutaji. Ilibaki ubishi juu ya ngoma, ambayo wengine waliiona muziki na wengine onyesho. Ikaamuliwa onyesho, na muziki wake ukasajiliwa peke yake pale tu ulipotungwa upya.

Majukumu yaliongezwa. DSpace inakuja na mwandishi, msimamizi, mhariri, mchoraji na "mwingine". Yakaongezwa mwongozaji, mtunzi wa muziki, mbunifu wa jukwaa, mbunifu wa mavazi, mwigizaji, mtayarishaji wa aina ya mbegu, na msimulizi. Hili la mwisho ndilo lililojadiliwa kuliko yote. Bibi aliyesimulia kwenye kanda alikuwa ametajwa kwenye tanbihi kama chanzo, huku profesa akiwa mwandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawatambua watendaji wa sanaa kuwa na haki zao, na kumweka msimulizi kwenye maelezo makuu ilikuwa hatua ya kwanza ya kuliheshimu hilo.

Lugha na majina. Kiswahili kiliongezwa kwenye orodha kwa alama "sw", na kwa lugha nyingine zikatumika alama za herufi tatu za ISO 639-3: Kisukuma suk, Kigogo gog, Kimakonde kde, Kihaya hay. Kila mwanataaluma alisajiliwa ORCID palepale kwenye kikao, jina likaandikwa kama mwenyewe anavyotaka, na vistari vikabaki ndani ya namba.

Viwango vya kurekodi viliandikwa kwenye ukurasa mmoja. Kwa jukwaa: kamera mbili, moja ikiona jukwaa lote bila kusogezwa, nyingine ikifuata nyuso, mwanga na rangi vipangwe kwa mkono wakati wa mazoezi ya mwisho yenye taa, sauti ichukuliwe kutoka meza ya kuchanganyia sauti, na kinasa kimoja cha akiba kiwe ukumbini. Tumia kamera ya video isiyo na kikomo cha dakika, au mtu akae nayo na saa mkononi. Kwa kasi ya Mbps 20, saa moja ni GB 9, kwa hiyo kadi ya GB 64 inatosha kwa onyesho na nafasi inabaki. Rekodi mazoezi ya mwisho pia. Fleshi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na kosa hilo hujitokeza usiku wa manane wakati watu wanataka kwenda kulala. Iwekwe mfumo wa exFAT, usio na kikomo hicho, mapema.

Kwa sanamu na michoro: taa mbili za aina moja zikiwa nyuzi 45 pande zote, kamera iwe sambamba na mchoro, kadi ya rangi na rula viwe kwenye picha ya kwanza, na sanamu ipigwe pande zote nne, juu, na sehemu yenye sahihi. Vipimo viandikwe kimo × upana × kina kwa sentimita, na malighafi itajwe kwa jina lake: si "mti" bali mpingo au mninga. Andika pia sanamu iko wapi sasa, maana zilizouzwa ni nyingi.

Kwa kaseti: faili za WAV, biti 24, kHz 96, bila kusafisha chochote. Saa moja ya mikondo miwili ni takriban GB 2.1. Kabla ya kucheza, kagua ukungu. Kaseti yenye unga mweupe isichezwe kabisa bali itengwe kwenye mfuko wake, kwani itaichafua mashine na kaseti zinazofuata. Kama kijipande cha sponji kinachobana utepe kwenye kichwa kimeng'oka, hamishia utepe kwenye ganda jipya lenye skrubu. Kisha rekebisha pembe ya kichwa cha mashine kwa kila kaseti, kwa kusikiliza hadi sauti kali zisikike wazi. Hatua hii ndogo hurukwa na wengi, na ikirukwa rekodi hubaki imefifia na hakuna programu itakayoirudisha.

Ngazi nne za ufikiaji. Wazi kwa wote, ndani ya chuo, kwa maombi, na maelezo tu bila faili. Kanda za masimulizi zilianza kwenye ngazi ya nne, hata zilizokuwa na jina la msimulizi, kwa sababu aliyekubali kurekodiwa na mwalimu mmoja barazani kwake hakukubali kuwekwa kwenye intaneti. Data za afya zilipitiwa upya. Kuondoa jina hakutoshi, kwani kijiji, umri na ugonjwa adimu vikikaa safu moja vinamtaja mtu bila jina, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haichezewi. Vijiji vikageuzwa kuwa wilaya, na umri kuwa makundi ya miaka 5.

Uhakiki wa kazi za sanaa. Makala huja na uhakiki wa jarida, lakini onyesho haliji na uhakiki wowote. Ikapendekezwa kwamba wahakiki wawili kutoka nje ya chuo waalikwe walitazame papo hapo na kuandika ripoti ndani ya siku 14, na mwenye kazi aandike kauli isiyozidi maneno 300: swali lake lilikuwa nini, alifanyaje, na nini kipya.

## Matokeo

Orodha ilikamilika wiki ya 11, ikiwa imechelewa kwa wiki moja. Sanaa za maonyesho, sanaa za ufundi na uhandisi zilionekana kwa mara ya kwanza kwa uzito wake. Idara mbili za sayansi zilishuka kwa hesabu, lakini orodha yake haikuwa tena na marudio.

Kwa kuwa vipengee viliingizwa kwa mkupuo, kila kimoja kwenye folda yenye faili la dublin_core.xml, orodha ya contents na faili zake, uingizaji wenyewe ulichukua siku mbili. Tasnifu zilizochanganuliwa kwa picha nzito zilitengenezewa nakala ndogo ya chini ya MB 5, kikomo ambacho Google Scholar huweka kwa faili inazosoma. Kabla ya hapo nyingi zilikuwa hazionekani kwenye utafutaji.

Rekodi ya sanamu haina tena kisanduku cha kurasa. Pameandikwa: mpingo, sm 64 × 22 × 19.

Tamthilia ya wiki ya 5 imo kwenye hazina ikiwa na andiko, programu, bango, picha za mazoezi na video yenye maelezo "dakika 30 za mwanzo, sauti hafifu". Pendekezo la uhakiki wa maonyesho lilipitishwa na ndaki moja tu. Kwingine bado linazunguka kwenye kamati.

## Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa Excel. Kosa lilikuwa kuchukua sura ya kazi moja iliyozoeleka na kuifanya kipimo cha zote, kisha kulazimisha visanduku. Kisanduku cha lazima hakizuii data mbovu, kinaizalisha. Mtu aliyebanwa ajaze kurasa atajaza chochote, na namba ya mchoro ikishakaa hapo, hakuna mashine itakayoitilia shaka. Ni afadhali kisanduku kitupu, kwa kuwa utupu unaonekana.

Utaratibu wa kazi, tukio na ushahidi ulifaulu kwa sababu haukuwa fadhila kwa wasanii. Uliwahusu wote kwa kanuni ileile, na pale ulipowapunguzia wanasayansi ndipo ulipoaminiwa na upande wa pili. Kama kikosi kingetengeneza fomu ya pekee kwa ajili ya sanaa, kazi hizo zingebaki kiambatisho mwishoni mwa ripoti.

Tofauti kubwa kati ya makala na onyesho ni muda. Makala iliyosahauliwa leo utaipata mwakani palepale jaridani. Ushahidi wa onyesho huundwa usiku uleule au haupo kabisa, kwa hiyo kazi ya mkutubi kwa idara ya maonyesho huanza wiki mbili kabla ya pazia kufunguliwa. Kikosi kiligundua hili kwa gharama ya tamthilia moja. Aliyerekodi hakuwa na kosa kubwa; hakuna aliyempa maelekezo, na hakuna aliyejaribu kamera kwa urefu wa tamthilia. Jaribio la dakika 5 halitakuonyesha kamera inayozima dakika ya 30.

Yapo yaliyoshindwa moja kwa moja. Wanafunzi hawakuingizwa kwa utaratibu: mwigizaji aliyebeba tamthilia akiwa mwaka wa pili hana ORCID, na jina lake limo kwenye programu ya onyesho tu. Jukumu la mwigizaji liliongezwa kwenye mfumo, lakini halikujazwa isipokuwa kwa walimu.

Hifadhi nayo ilipangwa vibaya. Kanuni ilikuwa nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, moja ikiwa nje ya jengo. Nakala ya tatu ilikutwa kwenye chumba cha jirani, ng'ambo ya korido, chini ya paa lilelile na kwenye umeme uleule. Ikahamishiwa kampasi nyingine, na kila faili likahesabiwa cheksamu ya SHA-256 (namba inayobadilika faili likibadilika hata kidogo) kabla na baada ya safari. Mafaili mawili ya video hayakuoana, yakanakiliwa upya. Bila cheksamu yangegunduliwa siku ambayo mtu angeyahitaji.

Kanda za masimulizi ndizo zilizobaki nyuma zaidi. Kuzigeuza kidijitali huchukua muda uleule wa kusikiliza, na zaidi: kaseti ya C90 ni dakika 90 za kucheza, na ukiongeza kukagua, kurekebisha kichwa na kuandika maelezo, fundi mmoja hamalizi zaidi ya tatu kwa siku. Kuwatafuta wasimulizi au watoto wao kijijini kuomba ridhaa kunahitaji nauli, na nauli haikuwa kwenye bajeti ya kazi iliyoitwa "orodha". Kaseti zimewekwa zikiwa zimesimama kwenye boksi la plastiki, kwenye chumba chenye kiyoyozi ambacho huzimwa saa tisa na nusu alasiri ofisi zinapofungwa, na unyevu wa usiku huanza kupanda hapo.